Unajenga Gorofa Garissa? Hizi Ndizo Kilo Ambazo Upepo Utarushia Dirisha Lako

Gorofa zinaota Garissa kama uyoga, na kila landilodi siku hizi anataka dirisha kubwa la aluminiamu. Inapendeza, hakuna kesi. Lakini uliza fundi mbona ameweka kioo cha milimita 4 na si 6, atakwambia hiyo ndiyo ilikuwa hadiwea. Msee, hiyo si hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 0.613. Unapata presha kwa kila mita mraba, kwa kipimo cha paskali.

Tuseme dirisha lako lina upana wa mita 1.5 na urefu wa 1.2. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, utalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 45. Huo ni karibu mfuko mmoja wa simiti. Sasa upepo ukifika mita 40, usidhani ni mifuko miwili. Ni kilo 180! Kasi ikiongezeka mara mbili, presha inapanda mara nne. Hapo ndipo wengi huchomeka.

Injinia naye hatumii upepo wa kawaida wa jioni. Anatafuta ule mpulizo mkali wa sekunde 3 unaotarajiwa kama mara moja kwa miaka 50, halafu anaangalia jengo limesimama wapi. Garissa ni tambarare, vichaka vifupi, hakuna kilima cha kukukinga. Kuanzia Juni hadi Septemba, msimu ambao Wasomali huuita Hagaa, mkondo mkali wa upepo hupita juu ya mashariki mwa Kenya ukielekea Somalia na bahari ya Arabuni. Mtaalamu J. Findlater aliueleza mwaka 1969, na mpaka leo unabeba jina lake. Mkondo wenyewe uko juu sana, kama kilomita moja na nusu, lakini vumbi la Hagaa unalijua. Na usisahau dhoruba za mvua: ule upepo wa ghafla unaotangulia matone unaweza kuwa mkali kuliko wa Hagaa nzima.

Kitu kingine ambacho watu hawashtukii: upepo hausukumi tu, unavuta pia. Ukuta unaotazama upepo husukumwa kwa kama 0.8 ya ile presha. Kwa kuta za pembeni, karibu na kona, kioo huvutwa nje kwa kama 1.2. Ongeza hewa ya ndani inayosukuma kutoka nyuma, kama 0.2, na dirisha letu la kilo 180 sasa linabeba zaidi ya kilo 250, zote zikilivuta kuelekea barabarani. Kwa hivyo dirisha la kona, gorofa ya juu kabisa, ndilo la kutazamwa kwanza. Ajabu ni kwamba hapo ndipo watu huweka kioo kikubwa zaidi, sababu ya view.

Na kioo kikitoka, shida haiishii hapo. Upepo unaingia ndani, unasukuma dari kutoka chini wakati ule wa nje unavuta mabati juu. Paa linang'oka.

Kwa hivyo kabla hujatoa doh, mwambie injinia akuandikie presha ya kila dirisha kwa paskali, la kona kando na la katikati. Kenya ina Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, kwa hivyo asikuletee stori za zamani. Halafu peleka hiyo namba kwa anayekuuzia madirisha. Mwambie aonyeshe kioo, fremu na skrubu zinazoshika ukuta zote zinaibeba, maana kioo cha milimita 6 kwa fremu iliyoshikwa na skrubu mbili kitatoka kikiwa kizima, na fremu yake.