Dawa ya Ugonjwa Gani?

Nilikuwa Takaungu arusini kwa jamaa, nikamsikia biarusi akimwambia somo yake kuwa liwa na singo ni mambo ya zamani. Yeye atapigwa "dawa ya weupe" mjini. Mimi si tabibu. Kazi yangu ni maneno, na neno hilo "dawa" lilinikera. Weusi ni ugonjwa tangu lini?

Ipo sumu ya botulini, idunguwayo usoni ili misuli ilegee na makunyanzi yafifie kwa miezi mitatu au minne hivi. Hiyo angalau ilitafitiwa: Marekani iliiidhinisha kwa maradhi ya macho mwaka 1989, na kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Lakini sindano za weupe, ambazo aghalabu ni za glutathioni, hazina ithibati kama hiyo. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilikwisha kuonya mwaka 2019 kuwa zaweza kudhuru ini, figo na neva.

"Mwalimu, hebu mwambie wewe," somo akanigeukia.

Nilimwuliza binti jina la kilichomo chupani. Hakulijua. Bei aliijua.