Picha za Wanyama Mtoni: Ujue Unachonunua Kabla ya Safari

Kila sikukuu zinapokaribia, wakazi wa Mbagala, Tandika, Tegeta na Bunju hupokea katika simu zao matangazo ya safari za siku moja kwenda Mikumi. Tangazo huonesha viboko waliofunua vinywa na tembo wanaokunywa maji, na mlaji hulipa akiamini kwamba atarudi na picha kama hizo. Tunapenda ieleweke kwamba hakuna awezaye kumuuzia mtu mnyama wa porini. Kinachouzwa ni muda wa kukaa karibu na maji, chombo cha kufikia huko, na mwongozaji. Vitu hivyo vitatu ndivyo vya kupimwa kabla fedha haijatoka.

Majira na saa

Kuanzia Juni hadi Oktoba vidimbwi vingi hukauka, na wanyama hukusanyika kwenye mito na mabwawa yaliyobaki. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, maji huwa kila mahali; wanyama hutawanyika, nyasi hurefuka na baadhi ya njia hazipitiki. Safari ya Aprili si mbaya, ila haifai kunadiwa kwa picha za Septemba.

Mikumi iko takriban kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Hata gari likiondoka alfajiri, hufika jua limekwisha kupanda, na hulazimika kugeuza mapema. Viboko hushinda majini mchana, hivyo kuwaona kunawezekana. Lakini mwanga mwororo wa asubuhi na jioni, ambao wapiga picha huutafuta, ni vigumu kuupata bila kulala huko usiku mmoja.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, bei inajumuisha viingilio vya hifadhi, cha mtu na cha gari? Raia hutozwa ada ndogo kuliko mgeni. Chukua kitambulisho cha Taifa.
2. Tutakuwa ndani ya hifadhi kwa saa ngapi, ukiondoa saa za barabarani?
3. Ni gari la aina gani, na je, kila abiria atakaa dirishani?
4. Kama safari ni ya Mto Rufiji katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, au Mto Wami huko Saadani, je, boti imo katika bei? Kila abiria atapewa jaketi la kujiokolea?
5. Je, mwandalizi ana leseni ya biashara ya utalii?

Majibu yapatikane kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Ukilipa, dai risiti.

Usalama kando ya maji

Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi, na aliyesimama kati yake na maji yumo hatarini. Mamba naye hutulia ukingoni bila kuonekana. Usishuke garini ila mahali palipoteuliwa. Usimpe dereva fedha ili aache njia na kuwasogeza karibu. Akikubali, anavunja kanuni za hifadhi na kuhatarisha maisha yenu. Zima taa ya kamera, na usirushe droni bila kibali.

Ahadi isipotimizwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Hifadhi tangazo, risiti na ujumbe mliotumiana. Mwandikie kwanza mwandalizi, ukieleza ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai. Asipokuridhisha, peleka malalamiko Tume ya Ushindani pamoja na nakala za vielelezo hivyo.

Tunasisitiza tofauti moja. Kutomwona simba si kosa la mwandalizi. Lakini kuambiwa langoni kwamba kiingilio hakimo, ilhali tangazo lilisema kila kitu kimelipiwa, au kupewa saa moja hifadhini badala ya tano mlizokubaliana, ni jambo ambalo mlaji ana haki ya kulidai.