Unauza chaji ya gemu ya zamani? Pini kuingia siyo kigezo



Kama unauza vifaa vya umeme mtandaoni, ujumbe huu lazima umeshaupata: "Boss, una chaji ya gemu ya zamani? Yangu imepotea." Hiyo biashara ipo. Kuna watu wanapata Sega na Nintendo kwenye mtumba, kuna wengine wanafufua za utotoni zilizokaa kabatini. Mashine nzima, chaji haipo.

Shida ni kwamba wengi tunauza kwa kuangalia pini. Ikiingia, tunafunga mzigo. Kuna mteja aliniletea Super Famicom iliyokufa siku ileile aliyouziwa chaji kwingine. Alipomuuliza muuzaji, akajibiwa "si imeingia?" halafu akablokiwa. Super Famicom iliacha kutengenezwa mwaka 2003. Faida ya chaji moja hailipi mashine kama ile, wala hairudishi jina lako.

Kabla hujamjibu mteja bei, pitia vitu vinne. Vyote vimeandikwa kwenye kibandiko cha chaji na kwenye mashine yenyewe.

1. AC au DC

Tazama sehemu iliyoandikwa OUTPUT. Hapa ndipo mashine nyingi zinapouawa.

Nintendo ya Marekani inayoitwa NES chaji yake inatoa AC ya volti 9. Ndugu yake wa Japani, Famicom, anataka DC ya volti 10. Pini inaingia kotekote. Ila NES ina dayodi ndani za kugeuza AC kuwa DC, Famicom haina. Ukiichomekea Famicom chaji ya NES unaiua.

Super Famicom inatumia chaji ileile ya Famicom. Super Nintendo ya Ulaya inataka AC ya volti 9, ya Marekani inataka DC ya volti 10. Kwa hiyo mteja akikwambia "ni Nintendo" bado hajakwambia kitu. Muulize imetoka nchi gani.

2. Chanya na hasi

Kama ni DC, tafuta kimchoro cha nukta iliyozungukwa na duara, pembeni kuna alama ya + na −. Alama iliyoungwa na nukta ndiyo ya katikati ya pini.

Famicom, Super Famicom na Sega Mega Drive ya kwanza zote zinataka hasi katikati. Sasa chaji za ruta na ving'amuzi tulizonazo dukani nyingi ni chanya katikati. Umeona mtego ulipo?

Mega Drive 2 ndiyo inachanganya zaidi, maana yenyewe imegeuzwa, inataka chanya katikati, na pini yake ni ya saizi nyingine. Ndiyo maana watu wanakata waya na kuunga pini. Ukiunga bila kupima, ni bahati nasibu.

Siri ndogo: chaji za pedali za gitaa kwa kawaida ni DC volti 9, hasi katikati. Ukikosa chaji ya Famicom au Mega Drive ya kwanza, tembelea maduka ya vyombo vya muziki. Hakikisha tu ampia zinatosha.

3. Volti

Chaji za volti 12 zimejaa mtaani, na mteja atakwambia "iliwaka vizuri tu". Itawaka, ndiyo. Ndani ya Famicom na Mega Drive kuna kidude cha miguu mitatu kinachoshusha umeme mpaka volti 5. Zinazobaki zinageuka joto. Ukiipa volti 9, zinachomwa 4. Ukiipa 12, zinachomwa 7. Joto linakaribia mara mbili, na mashine yenyewe ina umri wa miaka zaidi ya 30. Kwa mashine zilizoandikwa volti 10, chaji nzuri ya volti 9 inafanya kazi. Ya 12 achana nayo.

4. Ampia

Hapa watu wanaogopa bure. Ampia ni kama sufuria ya wali: ukipika mwingi, mgeni anakula anachoshiba. Ukipika kidogo, analala njaa. Famicom chaji yake ni miliampia 850, kwa hiyo ya ampia 1 au 2 iko salama kama volti na pini ziko sawa.

Kupungua ndiyo tatizo. PlayStation 2 nyembamba za mwanzo chaji yake ni volti 8.5, ampia 5.65. Ukimpa mteja kichaji cha ampia 1 kwa sababu volti zinakaribiana, itagoma kuwaka au itazima ikianza kusoma sidii, na chaji inaweza kuungua.

Usisahau upande wa ukutani. Chaji ya Japani imeandikwa volti 100, ya Marekani 120. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, inaungua. Tafuta iliyoandikwa INPUT 100-240V, au mteja awe na mashine ya kushusha umeme.

Namna ya kuuza bila kesi

Omba picha tatu: kibandiko cha chini ya mashine, tundu la kuchomekea likiwa na maandishi yake, na chaji ya zamani kama ipo. Hana picha? Usikisie, subiri.

Nunua mita ya kupimia. Iweke kwenye DC, waya mwekundu ndani ya tundu la pini, mweusi nje. Namba ikija na alama ya kutoa, ni hasi katikati. Ikisoma karibu na sifuri, jaribu upande wa AC. Chaji zile nzito za zamani zilizoandikwa 9 zinaweza kusoma 12 au zaidi zikiwa hazijabeba mzigo, hiyo ni kawaida yake.

Piga picha ya mita ikionyesha namba, mtumie mteja kabla ya kufunga mzigo. Kwenye tangazo andika kamili: "DC volti 9, ampia 1, hasi katikati, kwa Famicom na Mega Drive ya kwanza." Usiandike "chaji ya gemu zote". Haipo duniani.

Kama huna inayofaa, mwambie huna. Mteja uliyemzuia asiunguze mashine yake atarudi kutafuta pedi na kanda, na atakuja na wenzake.