Cheni Huzeeka Kimyakimya

Paukwa! Nanyi semeni: Pakawa!

Sogeeni hapa barazani, wanangu. Baiskeli ziegemezeni ukutani zisizibe njia. Vichochoro vyetu vya Kibokoni, hapa Mombasa, ni vyembamba, na mkokoteni wa maji ukija utakosa pa kupita.

Mmoja wenu kaniuliza swali zuri. Kauliza: "Mjomba, nitajuaje kwamba cheni ya baiskeli yangu ya maunti imekwisha?" Ahsante, mwanangu. Hilo ni swali la mtu mwenye macho. Watu wazima wengi hawaulizi. Wao hungoja mpaka ikatike barabarani.

Basi tumwache Cheni ajibu mwenyewe.

"Mimi ni Cheni," akasema. "Ukoo wetu ni wa zamani. Cheni ya namna yangu, yenye vijiroli vinavyozunguka, ilibuniwa na fundi Hans Renold kule Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Tangu hapo kazi yetu ni moja. Mguu ukikanyaga pedali, mimi navuta. Mguu ukikanyaga, mimi navuta. Nina viungo zaidi ya mia moja, na kila kiungo kimeshikwa na mwenzake kwa pini ya chuma. Nikifika kwenye gia, viungo hupinda. Vikipinda, pini husuguana na tundu lake. Pini inakonda. Tundu linapanuka. Nami narefuka."

"Mjomba, kumbe chuma hurefuka?"

Hapana, babangu. Mmeuona ule mlango wa kale wa Ndia Kuu, wa mbao zilizochongwa maua? Ulipowekwa ulifungika vizuri. Leo unaburura sakafuni. Je, mbao zimekua? Mbao hazikui. Ni pini ya bawaba iliyolika, mlango ukashuka. Cheni naye ni bawaba tupu, bawaba zaidi ya mia moja zilizofuatana. Kila moja ikilegea kiasi cha unywele, hesabuni wenyewe zote pamoja zitalegea kiasi gani.

"Lakini ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na ni ya mawe ya matumbawe tu. Mbona ipo mpaka leo, na cheni ya chuma inakwisha?"

Swali hilo nalo lanipendeza! Jiwe la ngome limetulia mahali pake. Cheni hatulii. Kila mzunguko wa pedali ni msuguano mwingine. Halafu sisi ni watu wa kisiwani. Upepo wetu una chumvi, na chumvi huleta kutu. Mchanga wa ufuoni ukiingia kwenye viungo, unasaga chuma mchana kutwa. Na mtoto akidhani anamsaidia Cheni, humwagia oili chafu ya gereji. Msifanye hivyo, wanangu. Oili ile ina vumbi la chuma la injini, tena kila mchanga unaopita unanasa hapo. Futeni cheni kwa kitambaa kikavu. Tieni tone moja la oili safi kwenye kila kijiroli. Zungusheni pedali kinyumenyume, kisha futeni ya juu yote. Oili inatakiwa ndani ya kiungo. Ikibaki nje huwa gundi ya mchanga.

Sasa sikilizeni siri. Hii ndiyo siri yenyewe.

Cheni ya Black Mamba, ile baiskeli ya gia moja, ikirefuka, utaiona. Inalegea, inaning'inia, inagonga bati. Fundi huvuta gurudumu la nyuma kidogo, kazi ikaendelea. Lakini maunti ina gia nyingi nyuma, na chini yake pana mkono wenye springi na vigurudumu viwili. Mkono ule kazi yake mojawapo ni kuvuta cheni ibaki imekaza. Cheni ikirefuka, mkono unajivuta. Ikirefuka tena, unajivuta tena. Wewe unatazama, unaona cheni imenyooka, unasema, "Bado mpya hii!" Kumbe imezeeka zamani. Inaweza hata kung'ara kwa usafi na iwe imekwisha.

"Basi tutaijuaje, Mjomba?"

Kwa kupima. Jicho halitoshi. Azimeni tepu ya seremala, ile ya chuma. Ya fundi cherehani msiichukue, maana kitambaa huvutika. Mwenzako akanyage pedali kidogo huku breki ya nyuma imeshikwa, ili cheni ya juu ikaze. Chagua pini moja. Weka alama ya inchi 1 katikati yake. Usianzie nchani kabisa, maana kile kibati cha nchani huchezacheza. Kisha, bila kuihesabu hiyo, hesabu pini 24 kwenda mbele: moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na nne. Kwa nini 24? Kwa sababu kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, na nusu 24 ni inchi 12. Cheni mpya, pini ya mwisho itakaa sawasawa kwenye inchi 13.

Kwenye tepu nyingi inchi moja imegawanywa vistari 16. Pini ikipita inchi 13 kwa kistari kimoja, cheni imekwisha, ibadilishwe. Ikipita kwa vistari viwili, umechelewa, na yaelekea gia zimekwisha nayo.

Kistari kimoja hakifiki milimita mbili. Kitu kidogo hivyo! Lakini hapo Cheni anataka kusema tena.

"Nikirefuka," akasema, "sikai vizuri kwenye meno ya gia. Meno yamepangwa kwa nusu inchi, nami nimeshapita nusu inchi. Basi napanda juu, nayala. Si kwa ubaya. Ndivyo nilivyo. Wa kwanza kulika ni gia mdogo wa nyuma, maskini. Yeye ana meno 11 au 14, na kazi ile ile mwenzake mkubwa huigawa kwa meno 28 au zaidi."

Tazameni meno, basi. Jino zima lina pande mbili zinazolingana. Jino lililolika limechongoka na kulala upande mmoja. Ila hata jino linaloonekana zima huweza kuwa limelika, kwa hiyo jaribuni kwa kuendesha. Cheni mpya juu ya gia iliyolika huruka. Uko kwenye mpando wa kutoka feri ya Likoni, umesimama juu ya pedali, unakanyaga kwa nguvu zako zote, na ghafla tak! Cheni imeruka jino. Mguu unakwenda bure, kifua kinapiga usukani, na nyuma yako yuaja tuktuk. Ndiyo maana nasema hapa hapana mzaha. Ukifungiwa cheni mpya, nenda uwanja wa Makadara usio na magari. Jaribu kila gia, kwanza polepole, kisha kanyaga kwa nguvu huku umekaa. Inayoruka ndiyo iliyokwisha.

"Sasa Mjomba, si bora kungoja vyote viishe tubadilishe pamoja?"

Wapo wanaofanya hivyo, na kwa Black Mamba ya kubebea mikate si vibaya. Kwa maunti mimi sikubali. Cheni ndiyo kitu cha bei ndogo kati yao. Ukiibadilisha kwenye kistari kimoja, gia za nyuma huweza kuona cheni mbili au tatu zikija na kuondoka, na gia ya mbele hudumu zaidi. Ukingoja, utanunua zote kwa siku moja, na baba hatafurahi.

Jambo la mwisho ni la dukani. Hesabuni gia za nyuma kabla ya kwenda. Cheni ya gia 6, 7 au 8 mara nyingi ni moja. Ya gia 9 ni nyembamba zaidi, na ya 10 ni nyembamba kuliko hiyo. Na fundi asikate cheni mpya kwa kuifananisha na ile ya zamani iliyorefuka. Azihesabu pini, zilingane. Leo jioni pimeni zenu, na mwenye kuona kistari aje aniambie.