Wapimbwe kwenye Rafu Moja na Marais

Ukitoka Mpanda kuelekea Sumbawanga, ukaivuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi na viboko wake, unatokea Kibaoni na kuingia Mpimbwe, nchi ya bonde la Rukwa. Wenyeji wa huko ni Wapimbwe, kabila dogo ambalo Watanzania wengi hawajawahi kulisikia, hata wale wanaojua vizuri kwamba nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda ni hapohapo Kibaoni. Wapimbwe hao wana kitabu. Kinaitwa The History and Traditions of the Pimbwe, na waandishi wake ni Peter Mgawe pamoja na watafiti waliofanya kazi miaka mingi katika eneo hilo, akiwamo mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder. Kilichapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, kampuni binafsi iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991. Swali la kumsumbua mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara ni hili: kampuni isiyo kubwa, isiyo na ruzuku ya serikali, inapata wapi ujasiri wa kuchapisha historia ya kabila dogo la pembezoni mwa nchi?

Jibu liko kwenye rafu, tukiangalia majirani wa kitabu hicho. Kampuni hiyohiyo imezitoa upya kazi za Shaaban Robert. Mwaka 1999 ilitoa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, riwaya ya Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi, ambayo imesomwa na vijana wa kidato cha tano na cha sita na baadaye ikageuzwa filamu na Amil Shivji. Mwaka 2019 ilitoa kumbukumbu za Benjamin Mkapa, na mwaka 2021 zile za Ali Hassan Mwinyi, Mzee Rukhsa. Katikati ya hizo, mwaka 2020, yakaja majuzuu matatu ya maisha ya Mwalimu Nyerere yaliyoandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata. Humo pia mna vitabu vya watoto vyenye picha na vya sanaa. Mtu akiitazama orodha hiyo harakaharaka ataona duka la mchanganyiko, marais wamekaa bega kwa bega na sungura na fisi. Hoja yangu ni kwamba mchanganyiko huo ndio uliowapa Wapimbwe nafasi. Kampuni ya vitabu vya aina moja isingewafikia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kitabu kabla hakijafika mtamboni kimeshakula fedha: mhariri amelipwa, kurasa zimepangwa, jalada limesanifiwa, na mtu amesoma prufu mara mbili tatu. Tuseme, kwa mfano tu, kazi hiyo imegharimu shilingi milioni 4. Ukitoa nakala 4,000, kila nakala inabeba shilingi 1,000 ya gharama hizo. Ukitoa nakala 500, kila moja inabeba 8,000, na hapo hujanunua karatasi wala wino, hujamlipa mwandishi, hujampa mwenye duka sehemu yake. Riwaya inayosomwa shuleni inauzwa mwaka hadi mwaka bila kuhaririwa upya, kwa hiyo ziada yake inaweza kulea kitabu ambacho wanunuzi wake ni wachache. Ndiyo sababu kampuni ndogo haiishi kwa kitabu kimoja kimoja. Inaishi kwa orodha, na anayetaka kuipima aipime orodha nzima.

Wako wanaosema mchanganyiko ni dalili ya kukosa mwelekeo, kwamba mchapishaji makini huchagua njia moja akaifuata. Hoja hiyo ina uzito katika nchi zenye maduka ya vitabu kila mtaa. Hapa kwetu njia moja iliyokuwa na fedha ya uhakika ni vitabu vya kiada, na hiyo hufunguliwa na kufungwa na sera. Miaka ya 1990 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kuingia. Katika muongo wa 2010 kazi hiyo ikarudishwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Aliyekuwa na vitabu vya kiada peke yake alikatikiwa na soko kwa waraka mmoja. Aliyekuwa na riwaya, hadithi za watoto na kumbukumbu za wastaafu aliumia, lakini alibaki na cha kuuza. Zaidi ya hayo, mwelekeo si lazima uwe wa aina ya vitabu. Bgoya aliiongoza Tanzania Publishing House, shirika la umma, tangu 1972, mwaka ambao shirika hilo, kwa kushirikiana na Bogle-L'Ouverture ya London, lilitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Ukiisoma rafu ya leo ukiwa na hilo kichwani, unaona kamba iliyoifunga: Waafrika wachapishe wenyewe habari zao, ziwe za Ikulu au za Mpimbwe.

Kwa Mkoa wa Katavi, ambamo ndimo ilimo Mpimbwe, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu habari za mkoa huu hazikukosa kuchapishwa. Zilichapishwa mbali na kwa lugha isiyo ya wenyeji. Chukua Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe walijikita mwaka 1885. Hapo ndipo alipotumikia Adrien Atiman, Mwafrika wa Magharibi aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na kutibu watu hadi uzeeni. Simulizi ya maisha yake ilitoka mwaka 1946 kwa Kiingereza katika jarida la wasomi, Tanganyika Notes and Records. Au chukua Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972. Liisa Malkki aliishi humo katikati ya miaka ya 1980 akisikiliza wazee wakieleza yaliyowapata, na kitabu chake, Purity and Exile, kikachapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1995. Ni kitabu kinachoheshimika sana. Lakini kijana wa Mishamo anayetaka kujua babu yake alisema nini itambidi ajue Kiingereza cha chuo kikuu kwanza.

Pingamizi linalorudiwa kuliko yote ni kwamba Watanzania hawasomi, sembuse Katavi, mkoa wa tumbaku, mpunga na asali. Sensa ya 2012 ilihesabu katika mkoa huu watu 564,604. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 1,150,000. Idadi imekuwa mara mbili katika miaka kumi, na kwa sehemu kubwa hao ni watoto na vijana. Kusema hawasomi wakati duka la steshenari linauza daftari, kalamu na vitabu vya mitihani tu ni sawa na kusema watu wa mahali fulani hawapendi samaki kabla hajafika hata dagaa sokoni. Bei ni pingamizi la kweli, silikatai. Hesabu ya nakala 500 niliyoitoa hapo juu inaonyesha inakotoka. Na simu? Simu hubeba habari vizuri, ila mhariri wa kumuuliza mzee wa Mpimbwe jina hili la mtemi liliandikwaje, na mtemi huyu alimfuata nani, hawezi kupakuliwa.

Hapo ndipo watu wanapochanganya kuchapa na kuchapisha. Mwenye mswada na fedha kidogo anaweza kupata nakala zake mahali palipo na kompyuta na mashine, akajiona amemaliza. Nakala zitatoka, jalada litang'aa, na kosa la ukurasa wa tatu litang'aa nalo. Kanda hii ya magharibi iliwahi kuwa na mtambo wake: Wamisionari wa Kipalapala, Tabora, upande wa juu wa reli inayoishia Mpanda, walichapa vitabu vya sala na gazeti la Kiongozi. Walikuwa na mtambo, na walikuwa na wasomaji wao tayari kanisani kila Jumapili. Mchapishaji wa kujitegemea hana kanisa. Anachoweza kumpa mwandishi ni macho ya pili na subira, na subira yenyewe huweza kuwa ndefu kupita kiasi: Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka uliofuata.

Kinachobaki ni safari ya kitabu, na hapa sina budi kuwalaumu wanunuzi zaidi ya wachapishaji. Kupitia African Books Collective, ushirika wa wachapishaji wa Afrika wenye makao Oxford ambao Bgoya alikuwa miongoni mwa waasisi wake, msomaji wa Ulaya huagiza kitabu cha Dar es Salaam kikachapwa nakala moja, ya kwake, na kutumwa kwa posta. Kitabu cha Mpimbwe kufika Kibaoni kinahitaji mtu akibebe kwenye begi. Katavi ina halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Kila moja ikiagiza nakala 100 kwa ajili ya shule zake, hizo ni 500, na mchapishaji anajua zimeuzwa kabla hajawasha mtambo.