Mvinyo na Chakula cha Kilima Kimoja

Katika baadhi ya mikahawa huandaliwa mlo wa jioni ambao kila sahani huletwa pamoja na mvinyo wake, kwa mpangilio ambao mpishi na mtengenezaji wa mvinyo wamekubaliana mapema. Mtengenezaji mwenyewe, au mtu wa familia yake, huwapo ukumbini. Kabla ya kila sahani husimama akaeleza shamba lilipo, mvua ilinyeshaje mwaka ule, na mvinyo umekaa miaka mingapi ghalani. Mlo wa namna hii hufaulu zaidi unapobaki ndani ya mkoa mmoja, na Italia ina mikoa michache inayolithibitisha hilo kama Piemonte, huko kaskazini-magharibi, hasa vilima vya Langhe vinavyouzunguka mji wa Alba.

Kuwapo kwa mtengenezaji si pambo. Mwaka 1986 zaidi ya watu 20 walikufa Italia baada ya kunywa mvinyo wa bei rahisi uliochanganywa na methanoli, ambayo ni sumu. Imani ya wanunuzi ilianguka, hata kwa wakulima waaminifu. Tangu hapo swali la nani ametengeneza mvinyo, na kwa zabibu za shamba gani, limekuwa na uzito mpya, na hakuna anayeweza kulijibu vizuri kuliko mwenye shamba. Katika miaka hiyo hiyo Carlo Petrini, mzaliwa wa mji jirani wa Bra, alianzisha harakati za Slow Food, zinazotetea chakula cha asili ya mahali na watu wanaokizalisha.

Piemonte maana yake ni chini ya mlima, kwa kuwa Alps zimeuzingira mkoa huo pande tatu. Langhe yenyewe ni vilima vilivyopangana kama mawimbi, na mwaka 2014 UNESCO iliviingiza, pamoja na Roero na Monferrato, katika orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya mashamba yake ya mizabibu. Zabibu inayotukuzwa huko ni Nebbiolo, jina ambalo wengi hulihusisha na nebbia, ukungu unaofunika mabonde wakati wa mavuno ya Oktoba. Mizabibu ya Dodoma, ambayo historia yake imefungamana na wamisionari kutoka Italia, inaweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Ya Langhe huvunwa mara moja tu. Mvua ya mawe ikipiga mwezi Agosti hakuna msimu wa pili wa kufidia, na ndiyo maana mwaka ulioandikwa kwenye chupa huzungumzwa kwa makini namna ile.

Anayeionja Nebbiolo kwa mara ya kwanza hukutana na uchachu mkali, kisha ukakasi. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka na kukaza inayofahamika kwa yeyote aliyetafuna bibo la korosho au ndizi mbichi. Huletwa na tanini, iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu, ambayo hunasa protini za mate hadi mate yakapoteza utelezi wake. Nyama au jibini ikiwapo mdomoni, tanini hupata protini nyingine za kushika, nayo mafuta huulainisha ulimi. Mvinyo uliokuwa mkavu hugeuka mpole, na uchachu wake hukata mafuta kama ndimu juu ya nyama choma. Hii ndiyo sayansi yote ya msingi ya kuoanisha. Yaliyobaki ni tahadhari: chakula kitamu huufanya mvinyo mkavu uonekane mchungu, na pilipili nyingi huwasha zaidi ikikutana na alkoholi. Wakulima wa Langhe hawakusubiri maelezo haya. Walipika walichofuga wakanywa walichokamua, na vizazi vikachuja kisichopatana.

Mlo huanza kwa mivinyo myepesi, kwa sababu ulimi uliokwisha kuonja kizito hausikii tena chepesi. Mara nyingi wageni hupokelewa kwa Alta Langa, mvinyo wenye mapovu. Kisha huja vitello tonnato, vipande vyembamba vya nyama ya ndama iliyopoa, vilivyopakwa mchuzi mzito wa samaki jodari. Mwenzake ni Arneis, mvinyo mweupe wa Roero. Zabibu yake, ya jina hilohilo, ilikuwa karibu kutoweka. Mwaka 1967 Alfredo Currado wa nyumba ya mvinyo ya Vietti alianza kukusanya mizabibu iliyobaki ili atengeneze mvinyo mweupe kutokana nayo, na leo Arneis ni jina la kawaida mezani.

Sahani ya pili kwa kawaida ni tajarin, tambi nyembamba zinazokandwa kwa viini vingi vya mayai hadi zikawa za manjano iliyokolea. Majira ya vuli hunyunyiziwa trufu nyeupe ya Alba, uyoga unaokua chini ya ardhi na kutafutwa kwa pua za mbwa. Trufu haipikwi, hukwanguliwa ikiwa mbichi juu ya tambi za moto, na harufu yake hujaza ukumbi. Mvinyo mzito ungeifunika, hivyo Barbaresco, Nebbiolo iliyo laini kidogo, ndiyo chaguo la busara. Hapo hadithi ya ushirika hustahili kusikilizwa. Mwaka 1894 Domizio Cavazza, mkuu wa chuo cha mvinyo cha Alba, aliwaunganisha wakulima wa kijiji cha Barbaresco, lakini ushirika wao ulifungwa wakati wa utawala wa Wafashisti. Mwaka 1958 padri wa kijiji, Fiorino Marengo, aliwakusanya wakulima 19 wakauanzisha upya. Ushirika huo, Produttori del Barbaresco, ungali hai.

Kilele ni brasato, nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo, pamoja na Barolo, mvinyo mwingine wa Nebbiolo. Sheria inautaka Barolo ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya mapipa ya mbao. Ule wa daraja la Riserva hukaa miezi 62. Hutoka katika vijiji 11 tu, na hata hivyo haufanani. Wa La Morra, upande wa magharibi, una manukato na ulaini. Wa Serralunga d'Alba, mashariki, kwenye udongo wa zamani zaidi, ni mgumu na huhitaji miaka mingi. Bilauri mbili zikiwekwa sambamba, mgeni hutambua tofauti hiyo bila kuhitaji somo.

Mezani hapo ndipo huibuka pia ugomvi wa mapipa. Desturi ilikuwa mapipa makubwa ya zamani. Mwaka 1983 mtengenezaji kijana wa Barolo, Elio Altare, aliyevutiwa na mapipa madogo ya mwaloni aliyoyaona Ufaransa, aliyakata mapipa makubwa ya baba yake kwa msumeno wa mashine, na baba akamnyima urithi. Upande wa pili mtengenezaji mwenzake Bartolo Mascarello alishikilia njia ya wazee hadi kifo chake mwaka 2005. Siku hizi watengenezaji wengi wamesogea katikati, na pengine mvinyo umefaidika na pande zote mbili.

Bilauri za kuonja hutiwa kidogo. Chupa ya mililita 750 ikigawiwa watu kumi, kila mmoja hupata 75; kwa mivinyo sita hiyo ni mililita 450, zaidi ya nusu chupa, kiasi kisichomruhusu mtu kuendesha gari. Mkahawa makini huweka maji na mkate wakati wote, na chombo cha kumiminia mabaki, ambacho kukitumia si utovu wa adabu.

Jibini ya Castelmagno humaliza Barolo iliyobaki. Kwa keki ya nocciola, kokwa zinazolimwa katika vilima hivyo hivyo, huletwa Moscato d'Asti, mtamu, wenye mapovu madogo na alkoholi ya asilimia 5 hivi. Mwisho kabisa huja kikombe kidogo cha Barolo Chinato, Barolo iliyotiwa sukari, viungo na gome la mti wa mkwinini, mti uleule unaolimwa Kivu kwa ajili ya dawa. Mfamasia Giuseppe Cappellano aliuuza mwishoni mwa karne ya 19 kama tiba. Leo hunywewa polepole pamoja na chokoleti, na uchungu wa kwinini hubaki ulimini wageni wakiagana.