Sumu ya mahindi isiyokufa kwa moto

Mwaka 2004, kuanzia Januari, wagonjwa walianza kufikishwa hospitalini kutoka Makueni, Kitui na wilaya jirani za Machakos na Thika wakiwa na dalili zinazofanana: macho ya manjano, tumbo kuvimba, kutapika na uchovu wa kumlaza mtu mzima. Kufikia tarehe 20 Julai, waliougua walikuwa 317 na waliofariki 125. Makueni peke yake ilihesabu wagonjwa 148 na Kitui 101. Hapakuwa na maradhi ya kuambukizana. Watu hao walikuwa wamekula mahindi, mengi yakiwa yametoka mashambani mwao wenyewe.

Sumu iliyowaua huitwa aflatoksini. Majirani zetu wa Tanzania wameipa jina zuri zaidi, sumukuvu, kwa sababu hutengenezwa na kuvu. Wakazi wa mijini waliisikia tena Novemba 2019, wakati Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) liliposimamisha uuzaji wa aina 5 za unga wa mahindi. Hata hivyo, bado kuna swali ambalo wengi huuliza: kama ugali hupikwa hadi ukaiva, sumu hiyo hubakije?

Hubaki kwa sababu si kiumbe hai. Kuvu mwenyewe hufa kwa moto, lakini sumu aliyoiacha ndani ya punje ni kemikali ngumu inayostahimili joto linalozidi nyuzi 200. Maji ya ugali huchemka kwa nyuzi 100 tu. Kwa hiyo unaweza kula chakula kilichoiva vizuri, kisicho na kijidudu hata kimoja, na bado ukawa umekula sumu.

Kuvu anatoka wapi?

Anaitwa Aspergillus flavus, na makao yake ni udongo na mabua yanayooza. Mbegu zake, ndogo kuliko vumbi, hupeperushwa na upepo hadi kwenye nywele za hindi, au huingia kupitia matundu yaliyotobolewa na wadudu. Mmea wenye afya humzuia kiasi. Mmea ulioteswa na jua na kiu hushindwa, na Ukambani ni nchi ya mvua haba. Mkosi mwingine huja wakati wa kuvuna, mvua isiyotarajiwa inapoyakuta mahindi shambani, au mkulima anapovuna mapema kwa kuogopa wezi na kuyarundika yangali na unyevu. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamolala walikuwa katika hatari kubwa kuliko wenzao.

Wakati huo kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya kilikuwa mikrogramu 20 za sumu kwa kila kilo ya mahindi. (Leo ni 10, na aina kali zaidi iitwayo B1 isizidi 5.) Kati ya sampuli 350 zilizochukuliwa sokoni katika maeneo yaliyoathirika, zaidi ya nusu zilipita kiwango hicho. Iliyoongoza ilikuwa na mikrogramu 46,400. Wataalamu waliochunguza kuvu wa mahindi hayo waligundua kwamba wengi walikuwa wa ukoo unaojulikana kwa herufi S, ambao hutoa sumu nyingi mno. Wala haikuwa mara ya kwanza: mwaka 1981 huko Machakos watu 20 walilazwa kwa sumu hiyohiyo na 12 wakafa.

Ini linavyojidhuru

Jambo la kushangaza ni kwamba aflatoksini B1 inapoingia mwilini haijawa kali bado. Anayeikoleza ni ini lenyewe. Kazi ya ini ni kuchukua vitu vigeni na kuvibadilisha ili viyeyuke majini na kutoka na mkojo. Vimeng'enya vyake vinapoishika aflatoksini na kuiongezea oksijeni, huzaa kitu kipya kiitwacho epoksidi, ambacho hakitulii. Hutafuta cha kung'ang'ania, na kilicho karibu ni DNA na protini za chembe za ini.

Mwili una kinga, kemikali iitwayo glutathioni, ambayo huikamata epoksidi na kuitoa. Lakini sumu ikiwa nyingi kwa mkupuo mmoja, kinga huzidiwa, chembe za ini hufa kwa wingi na mgonjwa hugeuka manjano. Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 2004. Ikiwa ni kidogo kidogo kwa miaka mingi, hakuna anayeugua wala anayeshtuka, ila DNA iliyoharibiwa inaweza kuzaa saratani ya ini. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo hatarini mara nyingi zaidi kuliko asiye navyo, kwa hiyo chanjo ya homa hiyo ni kinga ya saratani pia.

Muthokoi na magadi

Sasa tuingie jikoni. Msomaji anayetoka Kitui au Makueni hahitaji kuelezwa muthokoi ni nini, lakini kwa wengine: ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu hadi maganda yakatoka, kisha yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Watafiti wa Kenya waliochapisha matokeo yao mwaka 2008 waliyapima mahindi yenye sumu kabla na baada ya kukobolewa. Kukoboa kulipunguza aflatoksini karibu nusu kwa wastani, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Walipoyachemsha muda mrefu katika maji ya magadi, sumu ilipungua zaidi.

Akina mama wa Ukambani walikuwa wakikoboa mahindi tangu zamani, na inafurahisha kuona maabara ikiunga mkono desturi hiyo. Tusishangilie mno, hata hivyo. Wastani wa nusu unaficha sampuli ambazo hazikupungua hata sehemu moja kwa kumi, na nusu ya mikrogramu 46,400 bado ni mauti. Magadi nayo yana kasoro: hufungua pete mojawapo ya kemikali hiyo, lakini penye asidi, kama tumboni, pete hiyo inaweza kujifunga tena. Kisha kuna pumba, ambazo watu wengi huwapa kuku na ng'ombe. Ng'ombe akila sumu ya B1, sehemu yake hutoka katika maziwa ikiitwa M1, na maziwa hayo hunywewa na watoto.

Kuvu dhidi ya kuvu

Njia iliyoleta matumaini zaidi huanzia shambani. Wakulima wa maharagwe wamezoea mbolea hai, yaani bakteria wa rizobia wanaopakwa kwenye mbegu ili wailishe mimea naitrojeni. Wazo hapa ni la ukoo mmoja na hilo, ila kiumbe anayepelekwa udongoni kazi yake ni kuzuia adui. Si kila Aspergillus flavus hutoa sumu. Wako wasioweza kuitengeneza kabisa, na wanasayansi walichagua 4 wa kienyeji wa hapa Kenya, wakawapandikiza juu ya punje za mtama uliouawa kwa joto. Dawa hiyo, Aflasafe KE01, ilisajiliwa mwaka 2015 na hutengenezwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani, Machakos.

Mkulima hutawanya kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, wiki 2 au 3 kabla ya mahindi kutoa maua. Kuvu mwema hula mtama, huzaana na kuwahi nafasi kabla ya yule mwovu. Majaribio yameonyesha sumu ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini mfuko wa dawa haukaushi mahindi, na yakivunwa na kuwekwa na unyevu kazi yote inaweza kuharibika.

Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Asiye na kipimo atumie chumvi kavu: tia punje na chumvi kidogo katika chupa kavu, funga, tikisa, acha kwa muda. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka. Wewe uliyeletewa gunia kutoka nyumbani, lifungue siku hiyohiyo ulianike. Utupe punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa, wala usimpe kuku. Kumbuka tu kwamba punje safi kwa macho si lazima iwe safi.

Akitokea mtu nyumbani mwenye macho ya manjano na tumbo lililovimba, apelekwe hospitali bila kungoja, kwani hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii na kazi ya daktari ni kulisaidia ini. Mbebeeni pia kilo moja ya mahindi mliyokuwa mkila, yapimwe, na waliobaki nyumbani wasiendelee kuyala.